Mwongozo kamili wa kumsoma Michael Connelly: uanzie wapi na Harry Bosch, uende vipi, na kipi usikiguse mapema

Shida ya Michael Connelly, Mmarekani anayeandika riwaya za upelelezi, sio kumpata, shida ni kwamba ameandika sana. Kitabu cha kwanza kilitoka 1992 na mpaka leo bado anatoa, zaidi ya riwaya 40 sasa, mwaka mwingine anatoa mbili, na watu wengi huku kwetu wanakutana nae kwa wauza vitabu vya mtumba, wale wa kutandika chini ambao Nairobi wanawaita inama, na pale unachukua ulichokikuta. Unaokota kitabu cha kumi na mbili, unasoma, unaona mbona huyu kachero ana hasira na mtu ambae simjui, mbona huyu mwanamke ametajwa kama vile nilishaambiwa habari zake, unakata tamaa unasema ah huyu mzungu anachosha. Hachoshi. Umeingilia katikati.

Na hapa ndo kuna kitu ambacho wengi hawajui: Harry Bosch, kachero wake mkuu, anazeeka. Makachero wengi wa vitabuni wana umri uleule miaka nenda miaka rudi, ukikulia na kina Willy Gamba unajua, jamaa hapati mvi. Bosch amezaliwa 1950 na kila kitabu kinamkuta na umri wake halisi wa mwaka huo, anastaafu, anarudi, magoti yanauma, mtoto anakua, jiji la Los Angeles nalo linabadilika pembeni yake. Kwa hiyo mpangilio sio ushamba wa mashabiki, mpangilio ndo stori yenyewe.

Haya twende.

HATUA YA KWANZA: mjue mwandishi kidogo, dakika tano tu

Connelly amezaliwa Philadelphia 1956, familia ikahamia Fort Lauderdale, Florida akiwa na miaka 12. Akiwa na 16 alikuwa anaosha vyombo hotelini usiku, siku anarudi nyumbani akamuona mtu anakimbia na kuficha kitu kwenye ua wa majani, akaenda kuangalia akakuta ni bastola imeviringishwa kwenye shati. Usiku ule akakaa na makachero wanamhoji, na ndo mara ya kwanza anawaona watu wa kazi hiyo kwa karibu. Hio picha haikumtoka.

Chuo Kikuu cha Florida aliingia kusomea mambo ya ujenzi, baadae akaangalia filamu iliyotokana na riwaya ya Raymond Chandler, mwandishi wa zamani wa stori za makachero, akaenda kusoma vitabu vyote vya Chandler, akabadilisha kozi akaenda uandishi wa habari. Alimaliza 1980 akawa ripota wa mambo ya uhalifu kwenye magazeti ya Florida. Yeye na wenzake waliandika habari ndefu ya manusura wa ndege ya Delta 191 iliyoanguka Dallas 1985, ikafika fainali ya tuzo ya Pulitzer, ile kubwa ya waandishi wa habari Marekani, na hapo ndo Los Angeles Times wakamchukua.

Nakuambia haya yote kwa sababu utayaona kwenye kurasa. Connelly anaandika kama ripota: fomu gani inajazwa, nani anasaini, nani kwenye kituo anamuonea wivu nani, simu inapigwa kwa nani kwanza. Ukishajua hilo, sehemu ambazo mwanzoni unaziona ni za makaratasi tupu utaanza kuzifurahia, maana mara nyingi kesi inafunguka humohumo kwenye karatasi.

HATUA YA PILI: anza na The Black Echo (1992), usianze na kingine

Najua kuna watu watakuambia anza na kile bora zaidi alafu urudi nyuma. Mi nakataa. The Black Echo sio kitabu chake bora, kuna sehemu kinajikaza sana, ila msingi wote uko mle.

Maiti inakutwa ndani ya bomba kubwa karibu na bwawa la Mulholland, inaonekana ni teja amezidisha dozi, kila mtu anataka kufunga faili aende nyumbani. Bosch anamwangalia marehemu anamtambua: Billy Meadows, walikuwa wote Vietnam, kwenye kile kikosi cha kuingia kwenye mahandaki ya adui, unashuka peke yako na tochi na bastola kwenye giza. Kuanzia hapo stori inaenda kwenye wizi wa benki uliofanywa kwa kuchimba kutoka chini, na hili Connelly hakulitoa hewani, mwaka 1986 Los Angeles kulikuwa na wezi kweli walipita kwenye mifereji ya maji ya mvua wakachimba mpaka chini ya benki. Kitabu kikampa Edgar, tuzo ya Marekani ya vitabu vya uhalifu, upande wa riwaya ya kwanza.

Mle ndani unakutana na Eleanor Wish wa FBI. Lishike hilo jina. Na Irvin Irving, bosi wa polisi, lishike pia. Na Jerry Edgar, pacha wake wa kazi ambae pia anauza nyumba kama biashara ya pembeni, kwa hiyo kila wikendi ana udhuru.

Jina kamili la Bosch ni Hieronymus, mama yake alimpa la mchoraji Mholanzi wa karne ya 15, yule wa michoro ya jehanamu. Mama mwenyewe alikuwa anajiuza, akauawa 1961 Harry akiwa na miaka 11, na muuaji hakupatikana. Mtoto akalelewa kwenye vituo vya yatima na familia za kambo. Ukielewa hapo umemuelewa Bosch mzima: kwake hakuna maiti ya daraja la pili, teja na tajiri anawapa jasho lilelile, kwa sababu kesi ya mama yake iliachwa na watu walioona marehemu hana maana.

HATUA YA TATU: maliza vile vinne vya mwanzo kwa mfululizo

Baada ya Black Echo nenda The Black Ice (1993), The Concrete Blonde (1994), The Last Coyote (1995). Usichomeke kitu katikati.

Black Ice ni ya mpaka wa Mexico na madawa, ya kawaida kiasi, ila kuna sehemu fupi sana inamzungumzia baba yake Bosch, wakili mmoja maarufu, na kwamba kuna mtoto mwingine wa kiume. Utaipita haraka. Miaka kumi na kitu baadae ile sehemu fupi inazaa mfululizo mzima wa vitabu vingine, ntakuja huko.

Concrete Blonde ndo pale Connelly anashika usukani vizuri. Bosch anashtakiwa na mjane mahakamani kwa kumpiga risasi mumewe ambae polisi waliamini ndie muuaji wa wanawake. Jamaa alikuwa uchi kitandani, akaingiza mkono chini ya mto, Bosch akafyatua. Chini ya mto kulikuwa na wigi la mwanaume mwenye kipara. Sasa kesi inaendelea huku maiti nyingine inafukuliwa kwenye zege, na swali ni je aliuawa mtu sie? Asubuhi mahakamani, jioni uchunguzi, na yule wakili wa mjane, Honey Chandler, anamchambua Bosch mbele ya baraza la wazee wa mahakama kama samaki. Mwaka 1994 rais Bill Clinton alipigwa picha anatoka dukani na kitabu hiki mkononi, na picha ile ilimfanyia Connelly kazi ambayo tangazo lisingeweza.

Last Coyote ndo kitabu cha mama. Bosch amesimamishwa kazi kwa kumrusha bosi wake kwenye kioo, nyumba yake imepigwa na tetemeko la 1994, analazimishwa kwenda kwa mwanasaikolojia, na kwa kuwa hana kesi anafungua faili la 1961. Ukifika mwisho wa hiki na bado hujavutiwa basi huyu mwandishi sio wako, acha tu kwa amani, hela zako ununulie kingine.

HATUA YA NNE: hapa ndo mtego, soma taratibu

Kuanzia 1996 Connelly anaanza kuandika watu wengine nje ya Bosch, na baadae anawachanganya. Wengi wanaharibiwa uhondo hapa. Kanuni ni hizi, ziandike hata nyuma ya daftari:

The Poet (1996) LAZIMA isomwe kabla ya The Narrows (2004). Lazima. Narrows inakutajia muuaji wa Poet tangu mwanzo kabisa, wala haifichi. Na The Poet ni moja kati ya kazi zake bora, mhusika ni Jack McEvoy, ripota wa Denver ambae kaka yake askari amekutwa amekufa, wanasema kajiua. Kuiharibu hii ni dhambi.

Blood Work (1998) kabla ya A Darkness More Than Night (2001), na vyote viwili kabla ya hiyohiyo Narrows. Blood Work ni ya Terry McCaleb, FBI mstaafu aliyepandikizwa moyo, anakuja mwanamke anamwambia huo moyo ni wa dada yangu na aliuawa, nitafutie aliyemuua. Utakataaje? Clint Eastwood aliifanya filamu 2002 akaicheza mwenyewe.

Kwa hiyo mpangilio wa kipindi hiki unakuwa The Poet, Trunk Music, Blood Work, Angels Flight, A Darkness More Than Night, City of Bones, Lost Light, ndo The Narrows. Void Moon na Chasing the Dime zinasimama peke yake, soma ukikosa cha kusoma.

Angels Flight (1999) nakuomba usiikimbie. Kuna kitreni kidogo cha kupanda kilima cha Bunker Hill katikati ya Los Angeles, kipo kweli, kilianza 1901, njia yake ni fupi, mita 90 hivi. Kwenye kitabu anauawa humo ndani Howard Elias, wakili mweusi ambae kazi yake ni kuishtaki polisi, na anauawa siku chache kabla ya kesi kubwa kuanza. Kila askari mjini ana sababu ya kumchukia marehemu, na Bosch ndo anapewa kesi. Jiji bado lina makovu ya ghasia za 1992 baada ya kesi ya Rodney King, mweusi aliyepigwa na polisi, na unalisikia joto hilo kila ukurasa.

Alafu City of Bones (2002). Siku ya mwaka mpya, kwenye milima ya Laurel Canyon, mbwa wa daktari mstaafu anarudi na mfupa mdomoni. Mwenye mbwa kwa sababu ni daktari anajua palepale: huu ni mkono wa mtoto. Wanapanda kilima, wanafukua, wanampelekea mtaalamu wa mifupa, na yule mtaalamu anaanza kuisoma ile mifupa moja baada ya nyingine mezani: hapa palivunjika pakaunga, hapa pia, hapa tena. Mtoto alikuwa anapigwa karibu maisha yake yote na hakuna aliyesema kitu, na amelala pale kilimani miaka ishirini. Hakuna damu inayoruka, hakuna kukimbizana na magari, ni mtu mzima anasoma mifupa kwa sauti ya kawaida na Bosch anatoka nje kwa sababu hawezi kuendelea kusikiliza. Ukitaka kumuonyesha mtu kwa nini Connelly ni Connelly mpe sehemu hiyo.

Lost Light (2003) Bosch ameacha kazi na kwa mara ya kwanza anaongea mwenyewe, "mimi" badala ya "yeye". Usishtuke.

HATUA YA TANO: kumrudisha kazini, na yule ndugu wa Lincoln

The Closers (2005) Bosch anarudi polisi kitengo cha kesi zilizolala. Kesi ya msichana aliyeuawa 1988, bastola ile ilipofyatuliwa iling'ata ngozi ya aliyeishika, kipande kikabaki ndani ya chuma, na miaka 17 baadae kipimo cha DNA kinakitambua. Kitabu kinakwenda polepole makusudi, na mi nakipenda kwa hilo, wengine wanasinzia.

Mwaka uleule Connelly akatoa The Lincoln Lawyer. Mickey Haller, wakili wa kutetea wahalifu, ofisi yake ni kiti cha nyuma cha gari aina ya Lincoln, na dereva wake ni mteja anayelipa deni la uwakili kwa kuendesha. Wazo lilitoka kwa wakili halisi ambae Connelly alikaa nae jirani kwenye mechi ya baseball akamwambia mi nafanyia kazi kwenye gari. Na Haller ndo yule mtoto mwingine wa kiume niliyekuambia kwenye Black Ice, yaani ni ndugu yake Bosch kwa baba. Wanakutana kwenye The Brass Verdict (2008), kwa hiyo Lincoln Lawyer kwanza, Brass Verdict baadae, alafu The Reversal (2010) ambapo wanafanya kazi upande mmoja.

Kwa upande wa Bosch humu katikati kuna Echo Park (2006), tamu sana, The Overlook (2007) fupi ya kumaliza siku moja, na Nine Dragons (2009) ambayo inampeleka Hong Kong. Nine Dragons kwangu ni dhaifu, Bosch nje ya Los Angeles anakuwa kama mtu wa filamu za risasi, ila usiiruke, kuna jambo linatokea mle ambalo linabadilisha maisha yake ya nyumbani moja kwa moja na vitabu vinavyofuata vinaanzia hapo.

HATUA YA SITA: uzee, na Ballard

Kuanzia The Crossing (2015) Bosch hayupo tena polisi ya Los Angeles. The Wrong Side of Goodbye (2016) yuko kwenye kipolisi kidogo cha San Fernando anafanya kazi za kujitolea, huku anamtafutia bilionea mzee mrithi, na humo ndani Connelly anamsalimia Chandler wake waziwazi. Kizuri sana, kwa anaemaliza vya mwanzo hiki ni zawadi.

2017 akaja Renée Ballard kwenye The Late Show. Kalelewa Hawaii, alimripoti bosi aliyemfanyia udhalilishaji, mwenzake wa kazi akamkana, akatupwa zamu ya usiku Hollywood ambako anaanzisha kesi na asubuhi anawakabidhi wengine. Mchana analala kwenye hema ufukweni na mbwa wake anamlinda. Connelly amesema wazi kwamba Ballard ametokana na kachero halisi wa Los Angeles, Mitzi Roberts, na inaonekana, kuna vitu mle mwanaume asingevibuni kirahisi.

Mtego mwingine hapa: Two Kinds of Truth (2017) isome kabla ya Dark Sacred Night (2018). Kesi ambayo Bosch na Ballard wanaungana kuifanya inazaliwa kwenye Two Kinds of Truth kupitia mama wa marehemu, ukiruka utaona Bosch anajisumbua bure. Baada ya hapo fuata mwaka tu: The Night Fire, The Dark Hours, Desert Star, The Waiting, na ya Haller unaichomeka kwa mwaka wake.

HATUA YA SABA: tamthilia, lini uangalie

Bosch ya Amazon ilianza rasmi 2015 ikaisha 2021, misimu 7, Titus Welliver ndie Bosch, alafu ikafuata Bosch: Legacy 2022 mpaka 2025, na Ballard 2025. Ni nzuri kweli, na Lance Reddick kama Irving amemfanya yule bosi kuwa mtu mzito kuliko vitabuni.

Ila angalia, wamechanganya. Msimu wa kwanza peke yake umechukua City of Bones, Concrete Blonde na Echo Park ukakoroga sufuria moja. Wa pili una Trunk Music, The Drop na Last Coyote. Bosch wa kwenye skrini sio wa Vietnam pia, wamempa vita vya karibuni zaidi kwa sababu ya umri. Ushauri wangu: soma mpaka Echo Park ndo ubonyeze msimu wa kwanza. Kama hauna subira basi angalia yote kwanza alafu sahau miezi, vitabu vina njia tofauti za kutosha mpaka bado utashangaa.

The Lincoln Lawyer iko mara mbili, filamu ya 2011 ya Matthew McConaughey ambayo ni kitabu cha kwanza, na tamthilia ya Netflix ya 2022 ambayo inaanzia kwenye Brass Verdict. Usimtafute Bosch kwenye ya Netflix, hayupo, haki zake ziko kwa Amazon, kwa hiyo ule undugu wote umeondolewa.

HATUA YA NANE: kununua

Mtumba ndo bei rahisi, ila ingia na orodha kwenye simu. Angalia mwaka kwenye ukurasa wa haki miliki sio kwenye jalada, majalada yanabadilishwa kila toleo jipya na kitabu cha 1994 kinaonekana kama kimetoka jana. Toleo likiwa na sura ya Welliver mbele usidhani ni kitabu cha tamthilia, ni riwaya ileile. Kuna pia matoleo mazito yenye riwaya tatu pamoja, ukikuta lile la Black Echo, Black Ice na Concrete Blonde chukua bila kubishana sana bei. Vitabu vya kusikiliza navyo ni vizuri, Welliver mwenyewe anasoma vya Bosch vya miaka ya karibuni.

Wakati unasoma weka karatasi ya majina, sitanii, mabosi wa polisi ni wengi na mtu wa kitabu cha pili anaweza kurudi kitabu cha kumi amepandishwa cheo bado ana kinyongo. Na ukikutana na Narrows pale chini kwa bei ya kutupa kabla hujasoma The Poet, inunue, ifunge kwenye gazeti, iweke juu ya kabati.